Ndugu Mwombaji

Akufukuzaye hakwambii toka. Mzee Wastani aliujua msemo huo tangu utotoni, akautumia mara nyingi kuwachokoza wenzake, na bado ulipomfika yeye mwenyewe ilimchukua karibu mwaka mzima kuutambua. Siku aliyostaafu walimkatia keki na kumpiga picha. Mkuu wa idara akasimama, mkono kifuani, akasema, "Mwalimu, mlango uko wazi. Hapa ni kwako." Maneno matamu hayo! Naye, mtu mzima na akili zake timamu, akayaamini.

Jina la Wastani alipewa na wanafunzi. Kwa miaka thelathini na ushei alifundisha somo moja pale chuoni, Takwimu za Mwanzo, na kila alichoulizwa, hata kama ni iwapo mvua itanyesha, alianza kujibu kwa kusema, "Kwa wastani..." Somo lenyewe wanafunzi waliliita Machinjioni. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Alipokwisha kuzoea kuamka bila kengele, alituma barua pepe idarani kuwasalimu. Kimya. Akatuma nyingine, akajitolea kuja kutoa mhadhara wa bure siku yoyote wanayotaka wao. Kimya. Akajiambia labda wako kwenye mitihani. Jamani, mitihani gani ya mwaka mzima? Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki kabla hata hajastaafu. Mwanawe wa pekee alikuwa ng'ambo, akipiga simu Jumapili, na kila mara mtandao ulimsumbua pale pale baba alipoanza kunogewa. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na mtu mmoja. Asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati la kazini, akafunga vifungo mpaka cha shingoni, akakaa mezani, na hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyekuwa akimsubiri. Kuna upweke wa kulia, na kuna upweke wa mtu anayenyoa ndevu kila siku kwa ajili ya redio. Wake ulikuwa huo wa pili.

Na redio ndiyo iliyomponza. Asubuhi moja walikuwa wakizungumzia sheria ya haki ya kupata taarifa. Mtangazaji akasema kwamba mwananchi yeyote anaweza kuiandikia ofisi ya umma na kuuliza taarifa inazozihifadhi, na ofisi hiyo ni lazima imjibu ndani ya siku ishirini za kazi. Si kwa hiari yake. Ni lazima.

Mzee akaweka kikombe chini. "Lazima?" akaiuliza redio.

Chuo chake kilikuwa cha umma. Aulize nini sasa? Hakuhangaika kutafuta. Mtu aliyekaa mbali na nyumbani huuliza watoto hawajambo, naye mtoto wake wa pili, kama tutasema kweli, lilikuwa somo lile. Akaandika: "Naomba takwimu za alama za somo la Takwimu za Mwanzo kwa miaka mitatu iliyopita: waliofanya mtihani ni wangapi, wastani wa alama ni upi, na waliopata kila daraja ni wangapi." Akatuma, akaenda kumwagilia maua huku akijicheka.

Jibu likaja, na lilikuja ndani ya muda. Lilianza hivi: "Ndugu Mwombaji."

Ala! Mzee alisimama kitini. Mwombaji? Yeye? Akamjibu afisa taarifa papo hapo: "Mimi si ombaomba. Nimedai haki yangu. Naomba neno hilo liondolewe." Hakuona kwamba katika kulikataa neno alikuwa ameomba tena. Afisa akamjibu kwa adabu kwamba neno hilo si lake bali ni la sheria, na kwamba kila anayeuliza, hata akiwa waziri, ni mwombaji. Mzee alisoma majibu yale yote mawili mara kadhaa, na hasira ikawa inapungua kidogo kidogo, maana chini kabisa, baada ya jedwali na vifungu vya sheria, palikuwa na maneno haya: "Nakutakia siku njema." Hakuna kifungu kinachomlazimisha mtu kumtakia mwenzake siku njema.

Basi mzee akanogewa. Aliomba waliofeli wagawanywe kwa wanawake na wanaume. Aliomba alama za zoezi peke yake na za mtihani peke yake. Aliomba kujua jinsi alama zilivyotawanyika, mwaka baada ya mwaka. Kisha akaanza ujanja. Aligundua kwamba akimweleza afisa habari zake, afisa hajibu, kwa kuwa habari si swali. Lakini akiligeuza jambo likawa swali, ni lazima ajibiwe. Akauliza: "Je, taasisi ina taarifa kama saa ya ukutani ya ukumbi namba mbili bado iko nyuma?" Afisa akajibu: "Taasisi haina kumbukumbu yoyote iliyoandikwa kuhusu saa hiyo. Hata hivyo, afisa amepita ukumbini leo mchana. Bado iko nyuma." Mzee alicheka peke yake jikoni mpaka akakohoa.

Majedwali yale yalikuwa na kanuni moja. Kundi likiwa na watu wasiofika watano, idadi yao haitajwi. Panawekwa kinyota, ili mtu asije akatambulika. Mzee aliijua kanuni hiyo, ameifundisha miaka nenda miaka rudi. Ila sasa alikitazama kile kinyota kwa jicho jingine. Watu wakiwa wengi wanahesabiwa. Mtu akiwa peke yake anafichwa, kwa heshima zote. "Kumbe na mimi ni kinyota," akasema, akaenda kufua soksi.

Miezi ikapita hivyo, ombi baada ya ombi. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na nataka hilo lieleweke, kwa sababu mambo yaliyofuata yanaweza kukufanya umfikirie vibaya.

Jumamosi moja alasiri mlango ulibishwa hodi. Mzee alidhani ni msoma mita. Kufungua, ni Nukta.

Nukta alikuwa mwanafunzi wake, tena wa mfano. Jina hilo alimpa yeye mwenyewe, mwaka ule binti alipomfuata ofisini na karatasi ya mtihani akapigania nukta tano za alama mpaka akapewa. Aliposomea shahada za juu na kurudi chuoni, ndiye aliyekabidhiwa Machinjioni. Tangu mzee astaafu hakuwa ametia mguu pale nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba! Nukta! Ingia, mwanangu, ingia, usisimame mlangoni kama mdai."

Ilibidi mzee atafute kikombe cha pili. Alikipata nyuma ya sufuria, kimejaa vumbi. Alikiosha kwa furaha, akirudia kusema kutoka jikoni, "Kaa, kaa, ondoa hayo magazeti," na binti akikaa. Chai ilipofika Nukta hakuigusa.

"Mwalimu, nimepotea, najua. Na leo nimekuja kwa shida. Kuna mtu ananiwinda."

"Anakuwinda? Nani?"

"Ningemjua ningekuja hapa? Kila mwezi linakuja swali kuhusu somo letu, kwa ile sheria ya taarifa. Ofisi ya taarifa hairuhusiwi kumtaja aliyeuliza. Wananiletea maswali tu, niwatafutie takwimu. Waliofeli wangapi, wanawake wangapi, alama zimetawanyika vipi." Akashika kichwa. "Na huyo mtu si mjinga. Anajua anachokiuliza. Anauliza vizuri kuliko mkuu wa idara."

Mzee alijikuta anataka kutabasamu. Akanywa chai ya moto kwa makusudi, akaungua ulimi.

"Labda," akasema, "ni mtu anayelipenda tu somo."

"Machinjioni? Nani analipenda, Mwalimu, ukijitoa wewe?"

Akacheka Nukta, naye akacheka, kicheko kikavu. Halafu binti akaeleza yaliyobaki. Bado alikuwa kwenye kipindi cha majaribio kazini, hajathibitishwa. Mkuu wa idara alikuwa ameanza kuuliza kwa nini, kati ya masomo yote ya chuo, mwananchi anafuatilia hilo moja. Anasema dalili ya mvua ni mawingu. Wenzake wakimwona kwenye korido wanashusha sauti.

"Na mimi najua ni nani," akasema Nukta. "Kikulacho ki nguoni mwako. Ni yule bwana wa ofisi ya jirani. Alilitaka hilo somo tangu zamani, hakupewa. Nimeacha hata kumsalimia. Juzi kaniletea kalamu niliyoisahau kwenye kikao, nimeipokea bila asante."

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yalimfika mzee mpaka ncha ya ulimi, ule ulimi uliokwisha kuungua. Lakini tazama na wewe: binti alikuwa amevua viatu. Alikuwa amekunja miguu kwenye kiti alichokuwa akikalia marehemu mke wa mzee, anaomba aongezewe chai. Tangu lini nyumba ile iliombwa kitu? Mimi namlaumu mzee, lakini sina uso wa kumlaumu sana.

"Usioneshe woga," akamwambia. "Jibu kila kitu, kwa ukamilifu. Umekuja na kompyuta?"

Alikuwa nayo. Wakavuta viti mezani. Nukta akafungua swali la mwisho la adui yake, na mzee akavaa miwani, akalisoma swali lake mwenyewe kama mtu anayeliona mara ya kwanza. Walifanya kazi alasiri nzima. Walibishana. Mzee alikosoa safu moja ya jedwali, Nukta akamkosoa yeye, na ikawa Nukta ndiye aliye sahihi, mzee akapiga meza kwa kiganja akasema, "Haya, umenishinda, umenishinda!" Tangu mkewe afariki hakuwa na siku nzuri kama ile. Alipomsindikiza barabarani alimpungia mkono mpaka binti akakata kona.

Aliporudi ndani aliapa kutouliza tena. Na alishika kiapo. Wiki ya kwanza alikishika kwa raha, akisubiri hodi. Ya pili alinunua sukari, maana Nukta anakunywa chai tamu. Ya tatu akaanza kukaa karibu na dirisha. Kile kikombe cha pili hakukirudisha nyuma ya sufuria. Alikiacha sinia moja na chake, kikae kikijua kwamba kina kazi. Hakuna aliyekuja. Kwa nini aje? Adui alikuwa amenyamaza, na binti alikuwa na kazi zake. Mtu mwenye amani hana sababu ya kupanda mabasi mawili kwenda kumwona mwalimu aliyestaafu.

Alilitambua hilo akiwa anapangusa meza ambayo haikuwa na uchafu. Akaketi. Akafungua kompyuta. Akaandika, taratibu, kwa vidole viwili: "Naomba takwimu za alama za somo la Takwimu za Mwanzo kwa muhula uliopita, kwa kila swali la mtihani." Safari hii hakuweza kujidanganya kwamba anawasalimia watoto. Alijua anachokifanya. Alituma kama mtu anayeiba, akitazama huku na huku ndani ya nyumba isiyo na mtu.

Na Nukta akaja. Lo, akaja! Siku chache tu baadaye, na mfuko wa matunda. Alikuwa amekonda. Walifanya kazi kama mara ile ya kwanza, mzee akajaribu kumchekesha, binti akacheka kwa adabu. Aliondoka mapema. Mzee alikaa akiwa na furaha na haya kwa pamoja, na kila alipotaka kuishika furaha, haya ndiyo iliyokuja mkononi.

Mara ya tatu hakuhitaji kuuliza chochote. Ombi lile lile lilikuwa bado linamtafuna binti. Nukta alifika bila kompyuta. Alikataa chai. Alikaa ukingoni mwa kiti na viatu vyake.

"Jumatatu kamati ya taaluma inakaa," akasema. "Wanajadili kama nithibitishwe au nisithibitishwe. Mkuu wa idara kaniambia waziwazi: chuo hakitaki mwalimu ambaye umma una mashaka naye."

"Mashaka gani? Takwimu zako ni safi! Tumezipiga wenyewe hapa mezani!"

"Hakuna anayezisoma, Mwalimu. Wanaona maombi tu. Faili nene." Machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta. "Mama yangu kila siku ananiuliza kazi inaendaje. Namwambia vizuri. Usiku silali. Hivi nilimkosea nini huyo mtu?"

Mzee alinyoosha mkono kumgusa bega, akaurudisha kabla haujafika. Hakumwambia. Alimwambia tu, "Yatakwisha, mama," kwa sauti ambayo mwenyewe hakuitambua, na binti akaondoka bila kusindikizwa.

Jumatatu alivaa suti. Ilikuwa imempwaya mabegani. Kwenye geti la chuo mlinzi alikuwa mgeni, hakumjua.

"Mgeni wa nani, mzee?"

Swali la kawaida kabisa, lakini lilimchoma. Alifikiri kidogo. "Naenda kwenye kamati ya taaluma."

Mlinzi akapitisha kidole kwenye daftari lake. "Jina lako halimo."

"Ndiyo, halimo. Andika mwombaji."

"Mwombaji!" Mlinzi akamtazama kuanzia viatu hadi mvi. "Mzee wangu, na umri huo bado unaomba kazi? Haya, pita, Mungu akusaidie."

Chumba cha mikutano kilikuwa kile kile, na mapazia yale yale yasiyofika chini. Alipofungua mlango, mkuu wa idara alisimama kwa mazoea ya zamani. "Ah! Mwalimu! Shikamoo. Tuna kikao kidogo hapa..."

"Marahaba. Najua. Nimekifuata hicho hicho."

Nukta alikuwa amekaa mwisho wa meza, mikono juu ya faili. Alipomwona mzee uso wake ukafunguka. Alidhani amekuja kumtetea, mwalimu wake, mtu wake. Mzee akalazimika kutazama pembeni ili aweze kusema.

"Yule mwombaji ni mimi," akasema.

Wakadhani hawajasikia. Akarudia.

"Maombi yote yaliyomo kwenye faili hilo niliyaandika mimi. Hakuna mwananchi mwenye mashaka. Hakuna mtu wa ofisi ya jirani. Ni mimi. Na kwa kuwa nimeuliza, nawaambia nilichokipata. Mwaka wangu wa mwisho karibu nusu ya darasa walifeli. Nyote mlikuwepo. Ni nani aliyeniundia kamati? Chini ya huyu binti wanafeli wachache kuliko wakati wangu wowote, na mtihani wake ni mgumu kuliko wangu, nimeupitia swali kwa swali. Ninyi hamkusoma majibu. Mmehesabu maswali."

Mkuu wa idara alivua miwani akaisafisha, na ilikuwa safi. "Mwalimu, sawa. Tumekusikia. Lakini tusaidie kuelewa. Kama hukuwa na mashaka naye, kwa nini ulikuwa unauliza?"

Jibu la heshima lilikuwepo. Angeweza kusema utafiti. Angesema anaandika kitabu, na wangetikisa vichwa wakampa maji ya kunywa. Suti ilikuwa inambana kwapani na kumpwaya mabegani kwa wakati mmoja.

"Kwa sababu mnajibu," akasema. "Nilipoandika salamu hamkunijibu. Nilipojitolea kufundisha bure hamkunijibu. Sheria hii inawalazimisha. Basi nikawa nauliza ili nipate kujibiwa. Ni hilo tu. Nyumbani sina mtu wa kuzungumza naye."

Mtu mmoja upande wa dirisha alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, akakigeuza kikohozi. Wengine walitazama karatasi zao. Mzee akasema ahsanteni, akatoka.

Hakuwa amefika kwenye ngazi alipovisikia viatu vya Nukta nyuma yake.

"Mwalimu! Simama!"

Akasimama. Binti alikuwa anahema, na macho yake yalikuwa makavu, na hayo makavu yalimtisha mzee kuliko machozi ya siku ile nyumbani.

"Nimekunywa chai yako. Umenipa ushauri. Umekaa na mimi mezani ukanifundisha namna ya kupambana na wewe mwenyewe!"

"Ndiyo."

"Mara ya kwanza labda hukujua. Lakini ulipokwisha kujua, ukapeleka tena. Tena?"

"Nikapeleka tena."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unakuja," mzee akasema.

Chini, kwenye uwanja, wanafunzi walikuwa wakipita wakiitana. Nukta alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ungepiga simu, Mwalimu. Ungesema tu, Nukta, nina upweke, njoo."

"Ungekuja?"

Nukta alikuwa mkweli tangu akiwa mwanafunzi, na hakutaka kuanza uongo pale. Aligeuka, akarudi kwenye chumba cha mikutano, na mlango ukafungwa.

Siku iliyofuata mzee aliandika barua fupi kwa afisa taarifa kwamba anaondoa maombi yake yote yaliyobaki. Afisa akajibu kwamba maombi yamefungwa. Hapakuwa na neno jingine, na mzee hakulitegemea.

Ikaanza kazi ngumu ya kutojua. Je, walimthibitisha, au walimfukuza? Hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumwambia. Njia ilikuwepo, fupi, na aliijua kuliko mtu yeyote nchini: mistari miwili tu, "Naomba kujua kama mwalimu wa somo la Takwimu za Mwanzo amethibitishwa kazini." Wangejibu. Wangelazimika. Aliiandika mistari hiyo zaidi ya mara moja, akaifuta. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Alinyoa ndevu, akakosea, akajikata kidevu. Alimwambia mwanawe Jumapili, kwa mara ya kwanza, "Usinidanganye kuhusu mtandao, nimekosa, nina jambo zito," na mwanawe akakaa kwenye simu kwa muda mrefu, akimsikiliza.

Mwisho akapiga moyo konde, akampigia Nukta. Simu ikaita mpaka ikakata. Akajiambia amestahili. Kesho yake akapiga tena, hivyo hivyo. Siku iliyofuata aliacha, kwa aibu. Jumatano asubuhi akashika simu kwa mikono miwili, akabonyeza, akaiweka sikioni, na kabla hajajiandaa ikapokelewa.

Alisikia viti vikikwaruza sakafu. Alisikia watu wengi wakizungumza kwa pamoja, mmoja akicheka, mwingine akiuliza kama karatasi zimekwisha. Halafu ikaja sauti ya Nukta, karibu sana, kavu, haina shikamoo.

"Niko darasani, Mwalimu."

Na simu ikakatwa.

Mzee Wastani hakuitoa sikioni. Alikaa vivyo hivyo mezani, kidole kikiwa bado kwenye kitufe, machozi yakimshuka hadi kwenye lile jeraha la kidevuni na kumwasha. Akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubaliana na mwenzake.

"Haya, mama," akasema. "Fundisha."